Siku ya posho: historia ya soko la nguo na vitu vikuukuu mu Lubumbashi

Tukisikia neno «mapokeo», wengi wetu tunafikiri mara moja ngoma, ndoa, kilio, majina ya bankambo. Ni sawa. Lakini kuko desturi zingine zenye zilizaliwa mu muji, na kwa sababu ziko mbele ya macho yetu kila juma, hatuzihesabu. Moja yao ni hii: siku ya posho ao siku ya yenga, mtu anaenda ku soko, anainama mbele ya rundo la nguo za Ulaya ao mbele ya gunia lenye kutandikwa chini, na anatafuta kitu kizuri chenye kilikuwa cha mtu mwingine.

Wamoja wanaona haya juu ya desturi hii. Wanasema ni umasikini tu. Sisi tunataka kuonyesha kama iko na historia ndefu kuliko tunavyozania, na kama mu soko ile munapita kila juma vitu vya jamaa zetu vyenye hakuna mtu anayeandika habari yake.

1. Jina la siku

Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema Jumamosi. Huku kwetu tunasema siku ya posho. Ni neno la kazi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Njia ya reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na muji ukaanza kukua. Mfanyakazi alikuwa analipwa feza kidogo, na juu ya feza alikuwa anapewa posho ya juma: unga, maharagi, nyama ao samaki, chumvi, mafuta. Kampuni ilikuwa inagawa pia blanketi na nguo za kazi. Toka mwisho wa miaka ya 1920, wakati kampuni ilipoanza kuwaweka watu mu kambi kwa muda murefu pamoja na bibi na watoto, posho ilihesabiwa kufuatana na ukubwa wa jamaa.

Basi jina la siku linatufundisha kitu. Siku ya posho ilikuwa siku ya kupokea. Mtu alisimama mu mulongo, akapewa kile kilichokuwa kimepimwa tayari. Hakuchagula. Leo siku ileile imekuwa siku ya kuzunguka, kufunua, kubishana bei na kuchagula. Namna gani tulitoka kule tukafika huku? Hii njo habari yetu.

2. Zamani nguo ilikuwa feza

Mbele ya bazungu, inchi yetu haikukosa nguo. Kulikuwa nguo za maganda ya miti, za ngozi, na hasa nguo za rafia. Kwa Wasongye, vipande vya rafia vyenye kuitwa madiba vilitumiwa pia kama feza, sawa vile misalaba ya shaba ilitumiwa katika Katanga. Nguo ilikuwa ya kuvala, lakini ilikuwa pia ya kulipa mahari, kumaliza kesi na kumzika mtu kwa heshima. Mtu hakuwa anasema «nguo tu».

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ikaleta nguo za mbali. Kitambaa cheupe cha pamba kilitoka Marekani, kikapita Zanzibar, na ndiyo sababu watu walikiita merikani. Kaniki, yenye rangi ya buluu nzito, ilitoka India. Walipima kwa doti, ni kusema yadi 4. Huko Bunkeya, Msiri, aliyekufa tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa anafanya biashara upande wa bahari zote mbili: shaba, pembe na, tusifiche, watumwa walitoka, nguo, bunduki na baruti viliingia.

Tuangalie neno moja. Muzigo wa nguo wenye mpagazi aliuchukua ku bega, katika Kiswahili cha pwani, uliitwa mtumba. Leo Watanzania na Wakenya wanaita nguo kuukuu mitumba, kwa sababu zinafika zimefungwa mu mizigo. Mpagazi amekwisha, lori imechukua nafasi yake, lakini neno limebaki.

3. Koti ya bwana

Wakati wa Wabeleji, nguo kuukuu ziliingia kwanza kwa mulango wa jikoni. Boyi aliyefanya kazi mu nyumba ya muzungu alikuwa anapewa koti yenye imechakaa, ao viatu vyenye bwana hakupenda tena. Mara zingine ilikuwa zawadi, mara zingine ilihesabiwa kama sehemu ya malipo. Boyi alipeleka koti kwa mushonaji, mushonaji akaipunguza mikono, akabadilisha vifungo, na siku ya yenga mtu akaivala kwenda kanisani ao kutembea mu Cité Albert, ile yenye tunaita leo Kamalondo. Hapo hakukuwa tena koti ya bwana.

Tuko na bahati kwamba watu hawa walituachia maandiko. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumba kilimuomba André Yav aandike, kwa Kiswahili cha kwetu, historia ya muji kama wao walivyoiona. Akaandika «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Yalikuwa makaratasi ya kupigwa na mashini, si kitabu cha duka. Yangeweza kupotea kama mengine mengi. Mwalimu Johannes Fabian aliyatoa mwaka 1990 pamoja na maelezo yake, na leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanayasoma. Tukumbuke mufano huu, tutaurudilia.

Kisha vita ya 1940-1945, nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikaanza kuingia Kongo kwa wingi, si tena koti moja moja ya bwana, lakini mizigo mizima ya biashara. Watu wa Rhodesia ya Kaskazini, hasa wa upande wa Luapula, walikuwa wanavuka kuja kununua huku kwetu na kurudi na mizigo ku kinga. Leo ndugu zetu wa Zambia wanaita nguo hizo salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kufukuafukua mu rundo ili kuchagula. Hata sisi tunalisikia, kwa sababu mupaka haukukata luga.

4. Miaka ya abacost

Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaire, na siasa ya «authenticité» ikaingia mpaka mu kabati ya nguo. Kostimu na kravati zikakatazwa. Mwanaume wa ofisi alipashwa kuvala abacost, neno lililotoka ku maneno ya Kifaransa «à bas le costume». Wamama walikatazwa mapantalo na nywele za bandia. Liputa ikapata heshima kubwa. Kwa soko la nguo kuukuu lilikuwa jambo la ajabu: Ulaya ilikuwa inatupa kostimu, na huku kostimu ilikuwa kosa. Wengine walizificha chini ya masanduku. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza vyama vingi, alitangaza pia uhuru wa kuvala kravati. Masanduku yakafunguliwa, na nguo zenye harufu ya dawa ya mende zikatoka ku mwangaza.

5. Posho inakwisha

Lakini miaka ileile ndiyo tulipoteza posho. Mu mwezi wa Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka; mwaka 1993 haikufikisha hata 50.000. Mwaka 1991 kulikuwa uporaji mu miji mikubwa, Lubumbashi pamoja. Mishahara ikachelewa miezi na miezi, unga ukakosekana.

Hapo njo soko la vitu vikuukuu lilipata sura yake ya leo. Vitu vyenye jamaa zilinunua wakati wa kazi vikatoka mu nyumba kimoja kimoja: kwanza radio, kisha kinga, kisha viti vya salon, mwisho mashini ya kushona. Mashini ya Singer haikuwa chombo tu. Wamama wengi walijifunza kushona mu foyer social ya kambi, na mashini ilikuwa alama ya kwamba bwana alikuwa anafanya kazi na bibi alikuwa na akili. Kuuzisha Singer ili kununua gunia la unga, ilikuwa kama kukubali kwamba kazi haitarudi. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines kwa mupango ulioitwa «départs volontaires», na vitu vingine vikafuata njia hiyo.

Kuko tena habari yenye watu hawapendi kuitaja. Mwaka 1992 na 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika Katanga. Walilala ku gare ya Likasi na ya Kolwezi wakingoja gari la moshi. Wengi walikufa kule. Mbele ya kwenda, waliuzisha vitanda, kabati na mashini kwa bei ya hasara, ao waliviacha. Vitu hivyo havikupotea hewani. Viko mu nyumba, na vingine vingali vinazunguka mu soko. Ukiuliza, «Hii kabati ilitoka wapi?», utajibiwa, «Ni ya zamani tu». Neno «zamani» linafunika mambo mengi.

6. Namna soko linatembea leo

Nguo zinafika zimekandamizwa na kufungwa mu balo, mara nyingi ya kilo 45 ao zaidi kidogo. Nyingi zinateremka ku bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia Kasumbalesa. Mama muuzishaji ananunua balo ikingali imefungwa. Anajua tu aina yake: mashati ya wanaume, nguo za watoto, mapazia. Ndani, ni bahati. Akikuta nguo nzuri, atalipa deni na masomo. Akikuta nguo zenye kupasuka, hakuna wa kumurudishia.

Ndiyo maana asubuhi mapema ya siku ya posho, kule soko ya Kenya na kwingine, kuko watu wenye wanangoja balo ifunguliwe. Wa kwanza wanachukua «premier choix» kwa bei ya juu. Mangaribi, zile zenye zimebaki zinatupwa mu rundo moja, bei moja kwa zote, na sauti inaita: «Chagula, mama, chagula!» Mwenye macho mazuri anaweza kupata hapo koti ya sufu yenye kushonwa kwa mukono. Mwenye haraka anarudi na aibu. Wazee wanasema macho ya soko hayafundishwi ku masomo.

Kuko wenye wanasema kwamba balo iliua viwanda vyetu. Si uongo mutupu, lakini si kweli yote. Filtisaf ya Kalemie ilikuwa inafuma vitambaa vya inchi hii. Na pamba yenyewe, toka 1917, mwanakijiji alilazimishwa kuilima kwa bei ndogo. Kisha kukaja vita, mashini zenye kuzeeka, barabara zenye kufa. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha kodi ya nguo kuukuu kutoka dola 0,20 mpaka dola 2,50 kwa kilo, ili kulinda washonaji wake. Toka 2022 inchi yetu iko ndani ya jumuiya ileile ya Afrika ya Mashariki, kwa hiyo swali hilo ni letu pia. Kufunga mulango mbele ya kuwa na kiwanda, ni kumuambia mama wa soko alale njaa. Kuuacha wazi siku zote, ni kumuambia mushonaji aache kazi.

7. Vyenye vinapotea

Pembeni ya nguo, ku magunia, ndipo tunaona haya yetu ya kweli. Kule kuko pasi ya makala, taa ya petroli, sahani za emaye, albamu ya picha yenye watu wasio na majina, buku ya kazi ya mutu aliyekufa, namba za zamani za «Mwana Shaba», gazeti la kampuni lililoanza mwaka 1957. Muuzishaji anaweza kupasua gazeti ili kufunga karanga. Si kosa lake, hakuna aliyemuambia.

Tufikiri habari ya Tshibumba Kanda Matulu. Katika miaka ya 1970 alikuwa anachora historia ya inchi na kuuzisha mataablo nyumba kwa nyumba, kwa bei ya mutu wa kazi. Wachoraji wa wakati ule walikuwa wanachora ku kitambaa cha magunia ya unga: gunia la posho likageuka ukurasa wa historia. Mataablo yenye mwalimu Fabian alikusanya, zaidi ya 100, yako leo katika makumbusho ya Amsterdam. Zile zenye zilibaki ku kuta za salon zetu, ngapi tunaweza kuonyesha? Nyingi ziliuzishwa, nyingi zilioza.

Ni kweli kwamba toka mwaka 2000 mupango wa «Mémoires de Lubumbashi» ulikusanya mashuhuda na vitu vya maisha ya kila siku, na Makumbusho ya muji ilivionyesha. Kazi ile ni ya kushukuru. Lakini makumbusho moja haiwezi kwenda mu soko kila siku ya posho. Sisi tunaenda.

Umalizio

Hatusemi watu waache kuuzisha. Mwenye njaa hawezi kula ukumbusho. Tunaomba kitu kidogo. Mbele ya kutoa mashini, radio ao albamu mu nyumba, mukae na mzee, mumuulize: nani alinunua, mwaka gani, kwa mushahara gani, na nani alitumia. Muandike ku karatasi, hata nusu ukurasa, na muweke majina nyuma ya picha. Na wewe mwenye kununua, usiulize bei tu. Uliza kitu kilitoka wapi, hata kama jibu halitakuwa tamu. Watumishi wa nyumba wa 1965 hawakuwa matajiri wala wakubwa. Walikuwa na mashini ya kupiga maandiko na hamu ya kusema, na kwa ajili yao tunajua leo ginsi boyi alivyoishi mu Elisabethville.

Posho ya kampuni haitarudi vile ilikuwa. Lakini siku imebaki na jina lake, na soko inafunguliwa mapema.