Istilahi: Mdokezo wa Tanzia katika Bunilizi ya Kisayansi

Mtungaji anapoashiria utungo wa kale pasipo kuutaja wazi, akitegemea kwamba msikilizaji wake anaujua na kwamba ishara ndogo itamtosha, hutumia mbinu ambayo wahakiki wetu wameipa majina zaidi ya moja, wala hakuna hata moja lililokwisha kukubaliwa na wote. Wako wasemao urejeleo, na wako wasemao mdokezo. Urejeleo, kwa nadhari yangu, ni mpana mno, kwa kuwa hata mwanachuo anayetaja chanzo cha hoja yake hurejelea. Mdokezo nao una ila yake, maana katika madarasa ya Kenya umekwisha kupewa kazi ya kutaja methali nusu, au kuiacha kauli ikining'inia kwa nukta tatu. Hata hivyo mimi nashika mdokezo, kwani anayeachiwa methali nusu na anayeachiwa ishara ya kitabu wote wawili hutakiwa waikamilishe kauli kwa ilimu waliyo nayo, na kazi hizo ni ndugu.

Kuhusu tanzia ubishi si mkubwa. Neno latokana na Kiarabu, asili yake ni kuwafariji wafiwa, na hata leo nchini Tanzania huandikwa juu ya tangazo la msiba. Wahakiki wakalichukua wakaupa mchezo wa jukwaani ambamo mtu wa hadhi huangamia, aghalabu kwa kosa au tabia yake mwenyewe. Aliyesoma Mfalme Edipode au Makbeth, tafsiri mbili za S. S. Mushi, anaijua sura yake.

Ama tanzia ina nini na merikebu za angani? Mfano bora niujuao umo katika Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani, katika sehemu iliyoonyeshwa Desemba 1966, The Conscience of the King, ambayo jina lake limetoka katika Hamlet ya Shakespeare, pale mwana wa mfalme anapoazimia kutumia mchezo wa kuigiza kuinasa dhamiri ya aliyemwua baba yake. Katika koloni la Tarsus IV kuvu iliharibu chakula, na gavana Kodos, akihofia njaa ya watu wote 8,000, akaamuru nusu yao wauawe ili nusu wapone. Merikebu za msaada zikafika mapema kuliko alivyotazamia, na damu yote ile ikawa imemwagika bure. Miaka 20 baadaye Nahodha Kirk anamshuku mwigizaji mzee, Karidian, mkuu wa kundi linalozunguka nyota hata nyota likicheza Shakespeare, kuwa ndiye Kodos.

Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Hadithi yafunguliwa kwa Karidian akiwa Macbeth, akimwua mfalme jukwaani, na yafungwa kwa Hamlet ikichezwa ndani ya merikebu ya Kirk, ambapo mwuaji wa maelfu amevaa nafsi ya mzuka wa baba aliyeuawa, yule adaiye kisasi. Mwuaji amepewa maneno ya mwuawa ayaseme kwa kinywa chake. Nyuma ya pazia anatambua kwamba Lenore, binti yake, amekuwa akiwaua mashahidi mmoja baada ya mmoja ili kumkinga. Na binti anapomwelekezea Kirk silaha, baba anajitupa mbele yake, akafa kwa mkono wa mwanawe, naye Lenore, aliyekuwa Ophelia jukwaani, akapotewa na akili kama Ophelia. Ondoa Hamlet hapo, na hadithi haisimami.

Si midokezo yote ifikiayo daraja hiyo. Mfululizo huohuo uliokota katika Macbeth majina ya sehemu nyingine, kama Dagger of the Mind ya 1966 na All Our Yesterdays ya 1969. Ni majina mazuri, basi.

Lakini filamu ya 1991, Star Trek VI: The Undiscovered Country, iliyoongozwa na Nicholas Meyer, ina mdokezo ambao kwanza unapotoshwa, kisha unalipiza kisasi. Nchi isiyogunduliwa, kwa Hamlet, ni mauti. Gorkon, mkuu wa Waklingoni, mahasimu wa watu wa Kirk, anainua bilauri mezani kwa Kirk na kuitaja nchi hiyo, ilhali yeye akusudia wakati ujao, yaani amani baina ya maadui. Spock, msaidizi wa Kirk, analitambua neno na kutaja asili yake hadi tendo na onyesho. Haupiti muda baada ya karamu, Gorkon anauawa ndani ya merikebu yake, na maana ya Hamlet iliyofukuzwa mezani imerudi. Nayo dhihaka yake mezani, kwamba Shakespeare hafahamiki sawasawa mpaka asomwe katika Kiklingoni cha asili, mashabiki waliishika kwa dhati: mwaka 1996 Klingon Language Institute ilichapisha Hamlet nzima kwa lugha hiyo ya kubuni.

Basi wewe unayefasiri filamu hizi, ama kwa maandishi ya chini ya picha ama kwa sauti, nakusihi: ukikutana na jina linalonukia Shakespeare usiliweke kwa Kiswahili kabla hujalitafuta katika Makbeth ya Mushi ya 1968, au, likiwa la Kaisari, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963. Mtazamaji aliyevisoma vitabu hivyo ana haki ya kudokezewa.