Mzee wako bado ana nguvu za miguu? Mpime nyumbani kwa kiti na simu

Huku Rumonge na ufuo mzima hadi Nyanza-Lac, mzee aliyeishiwa nguvu za miguu hukosa mengi kabla hajaitwa mgonjwa: maji ya bomba, foleni ya chakula, choo cha usiku. Nguvu hizo zinapimika bila mashine.

Kipimo cha kiti

Chukua kiti imara, kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani. Kigoda cha jikoni hakifai: ni kifupi, kitamwonyesha mzee kuwa dhaifu kuliko alivyo. Akae, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa tena kwa sekunde 30. Wewe simama karibu, uhesabu. Akijisukuma kwa mikono, andika sifuri.

Kwa viwango vya Marekani, mwenye miaka 65 hadi 69 yuko chini ya wastani asipofikisha mara 11 kwa mwanamke au 12 kwa mwanamume. Kwa miaka 80 hadi 84 ni mara 9 na 10.

Lakini umri gani? Karatasi za wakimbizi wengi zinasema tarehe 1 Januari. Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani mwaka 1972, watu wa hapa walipokimbilia Tanzania. Aliyekuwa na miaka 10 wakati huo alizaliwa kama 1962. Akishindwa kukumbuka, tumia kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), kisichouliza umri: asimame mara 5 bila mikono ndani ya sekunde 14. Akizidisha, apelekwe kuchunguzwa.

Kipimo cha pumzi

Pima mita 30 kwa kamba kwenye njia tambarare, si mchangani wala mlimani. Atembee kwenda na kurudi kwa dakika 6, kwa mwendo wake, na fimbo yake kama anayo. Kupumzika kunaruhusiwa, ila saa haisimami. Andika jumla ya mita.

Usimpime mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, homa au aliyeanguka karibuni. Vikianza katikati, acha.

Rudia baada ya miezi mitatu, kwa kiti kilekile na njia ileile. Namba ikishuka, usikimbilie kusema ni uzee. Njaa, upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu na moyo vyote hupunguza nguvu, na vingi vina dawa. Nenda kituo cha afya na daftari lako.

Kama hana ugonjwa, kusimama na kukaa kwenye kiti ndiyo mazoezi yenyewe: mara 5 hadi 10 asubuhi na jioni. Dumu la lita 20 lina kilo 20. Mpe la lita 5. Na siku ya mgao, muulize mhudumu wa jamii jinsi ya kumwandikisha mtu wa kumchukulia chakula chake.