Nauli ya Ziwani Hulipwa na Mzigo

Anayetaka kutembelea nchi za Bahari ya Baltiki kwa pesa kidogo huanza na ndege ya bei nafuu hadi Tallinn, kisha hushika feri. Kati ya Tallinn na Helsinki kuna maji ya kilomita 80 hivi, na meli huyavuka kwa muda wa saa mbili, mara kadhaa kwa siku. Kisumu nayo ina kiwanja cha ndege ukingoni mwa maji, ina bandari, na mbele yake limetanda Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba 68,000 na ushei lililozungukwa na nchi tatu. Ila abiria akishatua, gatini hapati meli ya kumfikisha Mwanza wala Port Bell. Lawama hutupiwa gugumaji, ajali, au mabasi. Nionavyo, jibu limo katika hesabu. Nauli ndogo ya majini haijawahi kulipwa na abiria peke yake. Hulipwa na mzigo ulio chini ya miguu yake, na siku mzigo ulipotenganishwa naye, yeye ndiye aliyeachwa ufuoni.

Reli ilipofika Port Florence, jina ambalo wajenzi wake waliipa Kisumu, mnamo Desemba 1901, meli ilikuwa imeitangulia. William Mackinnon, iliyoletwa kutoka pwani vipande vipande, ilishushwa ziwani mwaka 1900. Zikafuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill iliyomvusha Winston Churchill hadi Entebbe mwaka 1907. Simulizi za bandari hii hupenda kumtaja Churchill, lakini meli hizo hazikuundwa kwa ajili ya wageni wa heshima. Zilikuwa mkia wa reli: zilikusanya pamba, kahawa na ngozi kutoka kila pembe ya ziwa na kuzimwaga Kisumu zipakiwe kwenye mabehewa ya Mombasa. Kwa kuwa meli ilikuwa lazima itie nanga Kendu Bay, Homa Bay, Musoma au Bukoba kufuata magunia, kumchukua msafiri wa daraja la tatu aliyejilaza sitahani hakukuongeza gharama yoyote ya maana. Pamba ilikuwa imeshalipia safari.

Mwaka 1931 unaonyesha hesabu hiyo waziwazi. Reli, iliyokuwa ikipitia Eldoret na Tororo, ilifika Kampala, na shehena ya Uganda haikuhitaji tena kupita Kisumu. Mwaka huohuo Imperial Airways ilianza kuleta ndege za kutua majini kutoka Khartoum hadi Kisumu, zikiendelea hadi Mwanza. Kufikia 1937 ndege kubwa zaidi za aina hiyo zilipita hapa zikitoka Southampton kwenda Durban. Nani aliwalipia abiria wale wachache? Barua. Serikali ya Uingereza ililipa ili posta ya himaya yake ifike upesi, na viti vya abiria vilipanda juu ya mifuko ya barua kama vile daraja la tatu lilivyopanda juu ya pamba.

Hata hivyo, ziwa halikufa mwaka 1931, kwa maana Mwanza na Bukoba zilibaki na mizigo yao. Kilele cha usafiri wa abiria kilikuja baadaye, meli ya Victoria, iliyoundwa Glasgow na kuunganishwa Kisumu, ilipoanza kazi mwaka 1961 na kulizunguka ziwa ikiwa na abiria na shehena pamoja. Miaka michache baadaye zikaja Umoja na Uhuru, feri zinazobeba mabehewa yenyewe juu ya reli zake. Kwa mhandisi yalikuwa maendeleo. Kwa abiria yalikuwa mwanzo wa talaka, maana behewa halihitaji kusimama katika kila gati dogo. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Victoria ikabaki Tanzania. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983, lakini meli ya pamoja haikurudi, kwa sababu mwenye kuikusanyia mzigo wa nchi zote tatu hakuwepo tena.

Kuhusu gugumaji, ni kweli kwamba liliziba Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990. Lakini lilikuta safari za pamoja zimeshavunjika karibu miaka ishirini. Hoja ya ajali ni nzito zaidi: MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa. Lakini meli ya Estonia nayo ilizama mwaka 1994, watu 852 wakafa, na njia za Baltiki hazikufungwa. Mwanza yenyewe haikuacha maji: Victoria ileile ilikarabatiwa ikarudi kazini mwaka 2020 kati ya Mwanza na Bukoba, ingawa mabasi yapo. Basi lina kasi, sikatai, lakini haliui meli yenye shehena.

Ndipo Baltiki inapofaa kutazamwa tena. Feri zake hulipiwa na malori, na kwa sehemu kubwa na maduka ya melini. Umoja wa Ulaya ulipofuta biashara isiyo na ushuru kati ya nchi wanachama mwaka 1999, meli za usiku za Stockholm ziliendelea kutia nanga Åland, visiwa vilivyo nje ya utaratibu wa kodi wa Umoja huo, ili chupa ziendelee kuuzwa. Msafiri wa mfuko mwembamba ana deni kubwa kwa wanywaji kuliko anavyodhani.

Mtu atasema: mbona MV Uhuru ilifufuliwa mwaka 2019, shehena ikarudi, na abiria hakurudi? Kwa sababu inapeleka mafuta Port Bell, na huwezi kulaza watu juu ya petroli. Mzigo unaombeba abiria ni mzigo mchanganyiko. Uko Mbita, ambako feri huvuka kwenda Luanda Kotieno: anayetembea kwa miguu hulipa kidogo na kusimama kando ya magari, na magari hayo ndiyo yanayoipa feri sababu ya kung'oa nanga.