Umeweka mafaili kwenye wingu, mbona diski bado imejaa?



Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Kaka, mimi nimeshahamishia mafaili yangu kwenye wingu, sasa mbona kompyuta bado inalia diski imejaa?" Jibu langu huwa fupi: imejaa kwa sababu hukuyahamisha. Umeyasawazisha, au kama tunavyosema kijiweni, umeyasinki. Kusinki hakupunguzi kitu kwenye diski yako. Mara nyingine kunaongeza kabisa. Leo naliweka swali lote mezani, maana nimeshaona watu wakikaribia kupoteza kazi ya miaka kwa kuchanganya hayo maneno mawili.

Tuanzie lilikotoka hili jambo. Jamaa mmoja Mmarekani, Drew Houston, amesimulia mara nyingi kwamba alipanda basi kutoka Boston kwenda New York akagundua flashi yake ameisahau. Ndipo akaanza kuandika programu iliyokuja kuwa Dropbox. Yeye na mwenzake Arash Ferdowsi walianzisha kampuni mwaka 2007, na 2008 huduma ikafunguliwa kwa watu wote. Sasa angalia tatizo alilokuwa anatatua: flashi iliyosahaulika! Alitaka faili lile lile limkute kwenye kila kompyuta anayoigusa. Diski kujaa haikuwa shida yake. Kwa hiyo dawa ilikuwa kuweka folda moja kwenye kila mashine, na seva katikati inayohakikisha folda zote zinafanana. Google Drive (2012) na OneDrive, ambayo kabla ya 2014 iliitwa SkyDrive, zikafuata njia hiyo hiyo.

Piga hesabu mwenyewe. Una GB 20 kwenye folda hiyo. Nyumbani kuna kompyuta, ofisini kwa mjomba kuna nyingine, na wewe una laptop. Zote tatu zikisinki kwa mtindo ule wa zamani, hiyo ni GB 60 ya diski imeliwa, ukiacha GB 20 zilizoko kwenye seva. Ni kama daftari tatu zinazojinakili zenyewe. Ukiandika mstari kwenye moja, unatokea kwenye zote. Na hapa ndipo penye hatari: ukifuta mstari kwenye moja, unafutika kwenye zote.

Kuna dada mmoja wa chuo alinifuata kafe huku macho mekundu. Laptop yake ni ile ya GB 64, ya bei poa. (GB 64 ndiyo kima cha chini ambacho Microsoft wanataka kwa Windows 11. Ukifungua Windows yenyewe utaiona diski hiyo imeandikwa kama GB 59 na kitu, na mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa kabla hujaweka hata wimbo mmoja.) Alikuwa na mahojiano aliyorekodi kwa ajili ya utafiti wake, sauti na video. Akayaweka kwenye folda ya huduma mojawapo ya wingu, akasubiri usiku kucha mpaka alama zote zikawa kijani. Akajiambia, "Safi, yameshapanda," kisha akayafuta kwenye laptop ili apate nafasi. Nafasi ikapatikana kweli. Wiki tatu baadaye anafungua simu atafute rekodi moja, folda tupu!

Kompyuta ilifanya alichoambiwa. Aliposema futa, programu ikapeleka habari kwa seva: mwenye mali amefuta. Seva nayo ikafuta, na simu ikafuata. Kilichomwokoa ni kwamba huduma hizi hazitupi vitu papo hapo. Akaunti ya kawaida ya OneDrive, Google Drive na Dropbox ya bure, zote zinakupa siku 30 za kurudisha ulichofuta, lakini lazima uingie kwenye tovuti yao na kufungua pipa la taka la huko. Pipa la kompyuta yako peke yake si la kutegemea. Zilikuwa zimebaki siku chache tu. Tukarudisha kila kitu, akaninunulia soda.

Sasa basi, kama kufuta si njia, nafasi inapatikanaje?

Wenye huduma wenyewe waliliona hili tatizo. Oktoba 2017 Windows 10 ilipata kitu kwa ajili ya OneDrive ambacho kimebadilisha mchezo: faili linaonekana kwenye folda, lina jina na ukubwa wake, lakini mwili wake uko kwenye seva tu. Kwenye diski kumebaki kivuli. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia "Properties". Utakuta mistari miwili. "Size" inakwambia ukubwa wa faili lenyewe, tuseme MB 700. "Size on disk" inakwambia linachokula kwenye diski yako, na kwa faili la kivuli utakuta 0. Huo mstari wa pili ndio wa kuusoma, wa kwanza unakuzuga tu.

Alama nazo zina maana yake, usizipite. Kiwingu cha buluu: faili liko kwenye seva tu, halijala diski. Vema ya kijani ndani ya duara jeupe: limeshashushwa kwenye kompyuta, kwa hiyo linakula nafasi. Vema nyeupe ndani ya duara la kijani lililojaa: umeagiza libaki kwenye kompyuta daima. Wengi hudhani kijani maana yake "liko salama juu", wakati kiwingu ndicho kinachoonyesha kwamba diski yako imepumua.

Na hapa kuna mtego mwingine. Faili la kivuli ukilibofya mara mbili, linashushwa. Ukishamaliza kulitazama, halirudi kivuli lenyewe! Tazama video kumi za MB 700, GB 7 zimekwenda, na bando lako nalo limekwenda. Kulirudisha, bonyeza kulia kisha chagua "Free up space". Hilo tendo ndilo alilokuwa analitaka yule dada: linaondoa mwili wa faili kwenye kompyuta na kuuacha kwenye seva. Ni tofauti na "Delete" kama mbingu na ardhi, ingawa kwenye menyu moja ziko karibu karibu. Kama wewe ni msahaulifu, nenda kwenye "Settings", halafu "System", halafu "Storage", washa "Storage Sense". Humo unaweza kuagiza mafaili ya OneDrive ambayo hujayagusa kwa siku kadhaa, mfano 30, yarudishwe kuwa vivuli bila wewe kuhangaika.

Dropbox wana kitu cha aina hiyo, na pia kuna njia ya zamani ambayo naipenda kwa unyofu wake: kuchagua folda. Unaingia kwenye mipangilio, unatoa alama kwenye folda usizozihitaji kwenye mashine hii, nazo zinatoweka hapa tu. Kwenye seva zinabaki. Kwa mtu mwenye laptop ndogo na kompyuta kubwa nyumbani, hii inatosha kabisa.

Google Drive ya kwenye kompyuta inakupa uchague: kuakisi, yaani nakala kamili kwenye diski, au kutiririsha, yaani vivuli. Ukichagua kutiririsha utaona diski mpya imezaliwa, mara nyingi inaitwa G. Vijana wanashangilia, "Oya, nimepata diski ya bure!" Taratibu... Hiyo G haipo. Kila unachokifungua humo kinawekwa kwanza kwenye ghala la muda, ambalo kwa kawaida liko kwenye diski C yako ile ile. Unachokinakili kwenda G nacho kinakaa ghalani mpaka kipande chote. Kwa hiyo mtu mwenye C iliyobakiza GB 8 akijaribu kumwaga GB 30 ndani ya G, C inajaa na kazi inakwama njiani. Mwage kidogo kidogo, subiri yapande, endelea. Au kwenye mipangilio hamishia hilo ghala diski nyingine kama unayo. Na tafadhali usiingie kulifuta lile ghala kwa mkono wakati kuna mafaili hayajapanda, hayo hayana nakala pengine popote.

Jambo jingine linalochanganya watu ni kwamba kuna kujaa kwa aina mbili. Kuna diski yako kujaa, na kuna akaunti ya wingu kujaa. Bure wanayotoa si kubwa: Dropbox GB 2, OneDrive GB 5, Google GB 15 ambazo barua pepe, Drive na picha zinagombania pamoja (tangu Juni 1, 2021 picha mpya zote zinahesabiwa). OneDrive nayo ina tabia ya kukuomba iilinde "Desktop", "Documents" na "Pictures". Mtu anabonyeza ndiyo bila kusoma, na GB 5 zinaisha siku ile ile. Inakuja onyo: nafasi imejaa. Yeye anadhani ni diski, anaanza kufuta vitu vya "Desktop", kumbe "Desktop" yenyewe siku hizi iko ndani ya OneDrive! Kabla hujafuta chochote, soma onyo limeandikwa na nani.

Nije kwenu wa kafe sasa, maana nyinyi mna balaa lenu peke yenu. Usifunge programu ya kusinki, wala kuiingiza akaunti yako humo, kwenye kompyuta ya watu. Ukiifunga, mafaili yako yataanza kushuka kwenye diski ya kafe: vyeti, picha za familia, barua ya kuomba kazi, kila kitu. Utajitoa kwenye akaunti, utalipa, utaondoka. Yaliyokwisha kushuka yanabaki pale pale! Kuitenga akaunti na kompyuta kunakata mawasiliano tu, nakala haziondoki. Anayekaa baada yako anazifungua bila paswedi. Tumia brauza, ingia tovuti ya huduma, chukua faili moja unalolihitaji, na kabla ya kutoka pitia folda ya "Downloads" ufute ulichoshusha, na pipa la taka pia.

Kuna kafe zinazotumia programu za kugandisha mashine, kama Deep Freeze: kompyuta ikizimwa na kuwashwa, kila kilichoongezwa kinatoweka. Kwa siri zako ni nafuu. Kwa kazi yako ni hatari, kwa sababu umeme ukikatika kabla faili halijapanda, hakuna wa kumlilia. Usiamini mpaka uone jina la faili kwenye tovuti yenyewe, ikiwezekana kwa simu yako.

Wenye laptop na modemu au simu ya kugawa intaneti: iambie Windows kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo. Iko kwenye mipangilio ya mtandao, "Metered connection". OneDrive ikiona hivyo inasimama yenyewe badala ya kulamba bando la wiki kwa usiku mmoja.

Kwenye simu, ndugu zangu, ni hadithi ile ile. Google Photos ina kitufe cha kuachia nafasi, ambacho kinaondoa kwenye simu picha zilizokwisha kupanda. Kufuta picha ndani ya programu hiyo hiyo kunaiondoa pande zote mbili.

Nikirudi kwa yule dada: rekodi zake sasa ziko kwenye wingu kama vivuli, na nakala nyingine iko kwenye diski ya nje ambayo haisinki na kitu chochote, iko kabatini kwa mama yake. Hiyo ya kabatini ndiyo niliyomsisitizia zaidi.

Mwenye swali au aliyekwama kwenye alama fulani aandike hapo chini, aseme ni huduma gani na Windows gani. Nitapita jioni.