Dengelua ya Upare na Watu Wake

Dengelua ni pombe ya maji ya miwa. Kwa jina hilo inajulikana katika milima ya Upare na kwa baadhi ya majirani. Ng'ambo, kwenye milima ya Usambara, pombe ya aina hiyo huitwa boha. Kwa namna inavyotengenezwa, dengelua haiko karibu na pombe ya mtama wala ya ulezi. Ndugu zake ni divai ya zabibu na ile pombe ya matofaa inayopendwa Uingereza na kaskazini ya Ufaransa. Pombe ya nafaka huanza na kimea, kwa sababu wanga wa punje lazima kwanza ugeuke sukari. Muwa tayari una sukari yake. Hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke, basi. Watu wa milimani husema dengelua "inapikwa", kama wanavyosema juu ya pombe yoyote, ingawa katika kazi hii moto una nafasi ndogo sana. Ustadi wote uko kwenye kukamua na kwenye kuujua wakati.

Anayepita Same kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha hawezi kudhani kwamba yuko karibu na nchi ya miwa. Mji uko tambarare, penye mvua haba, miba na vumbi. Lakini nyuma yake milima inapanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na misitu ya huko juu hunasa mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi. Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale inayotunza vyanzo vya maji. Tangu kabla ya ukoloni, Wapare, ambao wenyewe hujiita Vaasu, walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji. Migomba, magimbi na miwa ilistawi mabondeni na kando ya mifereji hiyo, hata katika miezi ya kiangazi.

Kwa hiyo mtenda kazi wa kwanza wa dengelua ni yule aliyezibua mfereji, kabla mpikaji hajashika chombo chake. Ndiva haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilisafishwa na kuzibwa nyufa kwa msaragambo, kazi ya wote inayoitishwa kwa manufaa ya kijiji, na zamu za maji ziligawanywa kwa utaratibu uliojulikana na kila nyumba. Msaragambo haujafa hadi leo, na kwa namna hiyo zimejengwa shule na barabara nyingi za Upare.

Kazi yenyewe huanza shambani. Muwa hukatwa ukiwa umekomaa, kwa kuwa mchanga una maji mengi na utamu mdogo. Ukishakatwa haukawii kupoteza ubora wake, na ndiyo sababu shamba na chungu havikuwa mbali. Maganda huparwa, muwa hukatwa vipande, na vipande hutwangwa kinuni. Katika milima ya Afrika Mashariki vinu vya miwa vilichongwa kwa magogo mazito, na kutwanga kulikuwa kazi ya pamoja yenye mdundo na nyimbo. Majimaji yalikamuliwa kwa mikono, kisha yakachujwa. Makapi hayakutupwa ovyo, yalirudishwa shambani au yakapewa mifugo. Baadaye vilikuja vinu vya magurudumu, kwanza vya mbao na kisha vya chuma, ambavyo muwa hupitishwa katikati yake na kutoka umebanwa. Leo kwenye stendi nyingi za Tanzania mashine ya namna hiyo huonekana ikikamua juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu.

Maji ya miwa yakiachwa yatachachuka yenyewe, kwani chachu imo hewani na kwenye ganda la muwa. Mpikaji stadi hakuiachia bahati kazi hiyo. Alitumia tunda la mwegea, mti ambao matunda yake marefu na mazito huning'inia kwa kamba kama michi. Tunda bichi lina sumu na haliliwi. Hupasuliwa, hukaushwa na kuandaliwa, kisha hutiwa chunguni, na nyuzi zake huwa makao ya chachu. Likishatumika huanikwa na kuwekwa kwa ajili ya chungu kijacho, kwa hiyo chachu ya nyumba moja inaweza kudumu muda mrefu bila kununuliwa. Wakikuyu wa Kenya huliita tunda hilo muratina, nao wameipa jina hilo pombe yao ya miwa au ya asali. Baridi ya milimani huchelewesha chachu, hivyo chungu huwekwa karibu na jiko. Hapo ndipo moto unapohusika. Siku ya kwanza kinywaji ni kitamu na chepesi, kisha povu linapanda, utamu unapungua na ukali unaongezeka. Kikikaa zaidi kinakuwa siki. Mtu aliyejua kusikiliza mchemko wa chungu na kuonja kwa wakati aliheshimiwa, na ujuzi huo haukuandikwa popote.

Katika maisha ya zamani ya Upare pombe haikuwa bidhaa. Ilikuwa sehemu ya mahari, ya tambiko, ya kupokea mgeni na ya kumalizia kesi ya wazee. Nyumba iliyohitaji mikono mingi, kwa kulima au kujenga, iliwaita majirani na kuwaandalia chakula na pombe. Mwalikwa hakulipwa, alishukuriwa, naye alijua siku yake ya kuita itafika. Wageni wa Kizungu waliokuja mwishoni mwa karne ya 19, akiwemo mpelelezi Oscar Baumann aliyezunguka Upare mwaka 1890, walikuta jamii ya wakulima, wafugaji na wahunzi iliyokwisha kuzoea kuuza vyakula kwa misafara ya biashara. Tabia ya soko ilikuwapo, ila pombe ilikuwa bado na mipaka yake.

Mipaka hiyo ilitikiswa na mambo matatu yaliyofuatana: dini, reli na kodi.

Mwaka 1903 Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifungua huko Giti, Upare ya Kusini, kituo walichokiita Friedenstal. Ndicho kituo cha kwanza cha kanisa hilo katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wamisheni wa Kilutheri wa Leipzig nao walikuwa na vituo vyao, kama Shigatini upande wa kaskazini na Mbaga upande wa kusini, na Uislamu ulikuwa ukienea pia. Walutheri hawakulifanya katazo la pombe kuwa nguzo ya imani. Wasabato na Waislamu walilifanya hivyo. Katika vijiji vya Upare ya Kusini kuacha dengelua kukawa alama ya mtu aliyebatizwa, na aliyeacha kunywa aliacha pia kukaa kwenye tambiko la ukoo. Chungu kilikuwa kimeunganisha mambo mengi mno, hivi kwamba kukikataa kulimaanisha zaidi ya kukataa kileo.

Reli kutoka Tanga ilipita chini ya milima na kufika Moshi mwaka 1911. Same ikakua kuwa kituo, kisha makao ya serikali ya wilaya ya Upare. Vijana walishuka kwenda mashamba ya mkonge, na wanawake walibaki na shamba, watoto na haja ya fedha taslimu. Kuuza pombe kulikuwa mojawapo ya njia chache za mwanamke kupata shilingi bila kutoka kijijini. Hapo ndipo dengelua ilipoingia sokoni kwa kweli, ikapimwa kwa kata na kibuyu na kupewa bei.

Kodi, iliyodai fedha hizohizo za sokoni, ndiyo iliyoleta kishindo. Katika Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Waingereza ilianzisha kodi ya kukadiriwa kwa kipato, ikaipa jina la zamani la mbiru. Makadirio yaligusa mali ya kila nyumba, na watu waliona yana upendeleo. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani hadi Same na kupiga kambi kudai kodi hiyo ifutwe. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi walijitokeza wenyewe kuwakabili wakubwa wa serikali. Kodi hiyo iliachwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mtafiti mkuu wa historia ya Upare, ameyaandika mapambano hayo kwa kina.

Sukari ya kiwandani ilibadilisha kazi ya mpikaji kimyakimya, zaidi ya sheria yoyote. Kampuni ya TPC ilianza mwaka 1930 huko Arusha Chini, kusini ya Moshi, kwa mtaji wa Kidenishi, na sukari ikawa karibu. Mpikaji mwenye haraka aliweza kuongeza maji, sukari na hamira, akapata chungu kikubwa kwa miwa michache. Wanywaji wazoefu huitambua pombe ya namna hiyo, na hukumu yao kwamba si dengelua ni ya haki.

Baada ya uhuru serikali ilikataza ukenekaji wa gongo bila kibali kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Jina hilo latokana na moshi, jina jingine la gongo, na halihusiani na mji wa Moshi. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikaweka leseni za kuuza pombe za kienyeji, na vilabu vya pombe vikawa mahali pa kisheria pa kunywea. Mwaka 1979 wilaya ya Upare iligawanywa kuwa Same na Mwanga. Kufikia wakati huo mshindani mkubwa wa chungu alikuwa bia ya chupa, na baadaye viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyopigwa marufuku nchini Machi 2017.

Pombe ya ndizi imepata njia ya kiwandani: Banana Investments ya Arusha imekuwa ikitengeneza mvinyo wa ndizi tangu miaka ya 1990 na kuuuza kwa chupa. Dengelua ni ngumu zaidi kufungiwa. Chachu yake iko hai wakati inanywewa, na chupa iliyozibwa mapema huvimba kwa hewa na kupasuka. Kuisimamisha kwahitaji kuipasha moto au kuichuja kwa vyombo ambavyo kijiji hakina, na ladha hubadilika. Kwa sababu hiyo imebaki kinywaji cha siku mbili tatu, kinachonunuliwa pale pale kilipotengenezwa.