Mafuta Juu ya Ngozi, Sindano Chini Yake: Historia ya Utunzaji wa Ngozi katika Mwambao wa Rumonge

Utunzaji wa ngozi katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika ulianza na mchikichi. Mti huu huota katika Imbo, ukanda mwembamba wa nchi tambarare uliobanwa kati ya ziwa na milima, na umeshamiri zaidi Rumonge, mji ulio kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura. Tunda lake hutoa mafuta ya aina mbili, na watu wa mwambao hawajawahi kuyachanganya. Nyama ya nje ya tunda hutoa mawese, mekundu na mazito, ambayo Warundi huyaita amamesa. Kokwa iliyo ndani hutoa mafuta ya mise. Mawese ni ya chungu na taa. Mafuta ya mise ndiyo hasa ya ngozi na nywele.

Kuyapata si kazi nyepesi. Mikungu ikishakatwa huachwa siku chache mpaka matunda yalegee na kupukutika, kisha matunda huchemshwa, hutwangwa au hukamuliwa, na mafuta yanayoelea huenguliwa. Kokwa zinazobaki huanikwa zikauke. Baadaye wanawake huzivunja moja moja kwa jiwe, mise hukaangwa kwenye chombo mpaka iwe nyeusi, hutwangwa na kuchemshwa. Yanayotoka ni mafuta ya rangi ya kahawia iliyoiva, yenye harufu ya moshi isiyosahaulika, na ndiyo ambayo vizazi vingi vya watoto wa pande hizi wamepakwa baada ya kuogeshwa. Maabara zimekuja kueleza tofauti hiyo kwa lugha yao: mawese yamejaa karotini, ndiyo maana ni mekundu na hutia doa nguo, ilhali karibu nusu ya mafuta ya mise ni asidi ya lauriki, ambayo hutoa povu zuri kwenye sabuni.

Biashara ya mafuta hayo ni ya zamani kuliko mpaka wowote wa nchi hizi. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, mawese ya Urundi yalikuwa tayari bidhaa ya soko hilo, yakisafirishwa kwa mitumbwi kufuata pwani. Burton aliueleza mchikichi na mafuta yake kwa kirefu. Henry Morton Stanley na David Livingstone walipita mwambao huohuo kwa mtumbwi mwishoni mwa 1871 wakielekea mdomo wa Rusizi. Huko Ujiji malipo yalifanyika kwa shanga, mashuhuri zaidi zikiwa zile zilizoitwa sofi. Kwa hiyo mwanamke wa Imbo aliyepika mafuta yake kwa siku kadhaa aliweza kuyaona yakirudi nyumbani yakiwa pambo la shingo.

Milimani, mbali na joto la ziwa, ng'ombe ndiye aliyechukua nafasi ya mchikichi, na samli ilipakwa mwilini kama dalili ya afya na ya hadhi. Mwambao ulipokea pia desturi kutoka upande wa tatu. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliokita mizizi Ujiji walisogea kaskazini katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mmoja wao, Mohammed bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia ndani ya Burundi akashindwa na majeshi ya mwami Mwezi Gisabo. Alichokosa kwa silaha kiliingia polepole kwa ndoa na ujirani. Rumonge na Nyanza-Lac zilipata jamii za Waislamu wasemao Kiswahili, wakiwemo Wabwari waliotoka ng'ambo ya ziwa, na pamoja nao hina, wanja na udi. Pwani ya Bahari ya Hindi bibi harusi husuguliwa singo na kupakwa liwa usoni. Kadiri mtu alivyokwenda mbali na bahari, viungo vya mchanganyiko huo vilizidi kuwa adimu na mafuta ya mise yakajaza pengo.

Katika desturi zote hizo, kitu kilipakwa juu na kikaoshwa. Kilichoingia chini ya ngozi kilikuwa dawa: chale zilichanjwa kwa wembe au kisu na unga wa dawa ukasuguliwa humo, na damu ilifyonzwa kwa chuku. Hakuna aliyechanjwa chale ili aonekane kijana. Ukunjamano wa uso ulikwenda pamoja na umri unaompa mtu haki ya kusikilizwa, na katika nchi ambako mashauri yaliamuliwa na bashingantahe, yaani waamuzi wa jadi, kuficha umri kungekuwa kujipunguzia cheo.

Sindano ilifika na Wajerumani, na ilifika vibaya. Kituo chao cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, kilianzishwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Muda mfupi baadaye ugonjwa wa malale ulienea kando ya ziwa, ukisambazwa na mbung'o wa vichaka vya ufukweni. Mwaka 1906 na 1907 daktari Mjerumani Robert Koch alijaribu atoxyl, dawa yenye arseniki, kwa wagonjwa wa visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria. Dozi zilipokuwa kubwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Dawa hiyohiyo ndiyo iliyopelekwa kwenye vituo vya malale vya mwambao wa Tanganyika, sambamba na amri za kufyeka vichaka na kudhibiti safari za mitumbwi. Watu walikimbia na kujificha. Wasimamizi wa vituo waliita huo ujinga, lakini mtu aliyemwona jirani yake akichomwa sindano na kutoka hana macho alikuwa na hoja ambayo daktari hakuwa na jibu lake.

Wabelgiji walioikamata Usumbura mwaka 1916 ndio walionufaika na mageuzi ya fikra yaliyofuata, nayo yaliletwa na ugonjwa wa ngozi. Buba ilikuwa imeenea katika nchi za joto za Afrika Mashariki na Kati, ikitoa vidonda vya kutisha usoni na miguuni. Dawa mpya za sindano zenye arseniki au bismuthi, zilizosambazwa miaka ya 1920, zilikausha vidonda hivyo katika muda wa siku chache. Penisilini, iliyotumika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilifanya hivyo kwa sindano moja. Hapo ndipo imani ilipogeuka. Mgonjwa aliyekwenda zahanati akarudishwa na vidonge tu alijiona kama hakutibiwa, na dai la kuchomwa sindano limeendelea kusikika katika zahanati za Afrika Mashariki hadi enzi za karibuni, hata kwa maradhi yasiyoihitaji. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini sindano ya urembo haikuonekana kitu cha ajabu ilipotajwa mara ya kwanza, aanzie kwenye vidonda vya buba.

Wakati huo mafuta yenyewe yaliingia kiwandani. Kampuni ya Lever ilipewa ardhi kubwa ya michikichi katika Kongo ya Wabelgiji mwaka 1911 kwa ajili ya sabuni zake. Burundi haikupata mashamba ya ukubwa huo, ila kilimo cha michikichi kilihimizwa Imbo, na Bujumbura ikapata viwanda vya sabuni, Savonor kikiwa ndicho kinachojulikana zaidi. Sabuni ya mche ilichukua nafasi ya ile ya majivu iliyopikwa nyumbani. Kitu kimoja kilipotea njiani: mafuta yanapokutana na kostiki hutoa sabuni na gliserini. Sabuni ya nyumbani hubaki na gliserini yake, lakini viwanda vikubwa huiondoa na kuiuza peke yake. Hivyo ngozi iliyokaushwa na sabuni ya dukani ilihitaji chupa ya gliserini au kopo la vaselini, navyo vilinunuliwa pia.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 serikali ilipanua kilimo hicho, na katika miaka ya 1970 na 1980 mradi uliojulikana kama SRD Rumonge ulisambaza michikichi ya mbegu bora. Historia ya mashamba hayo haisemeki bila kutaja mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac. Ukandamizaji uliofuata uliua watu wengi mno nchini kote, na wakazi wengi wa Imbo wakavuka kwenda Tanzania na Kongo. Sehemu ya ardhi waliyoiacha iligawiwa wengine au kuingizwa katika miradi ya michikichi, na kesi zake zimedumu hadi kizazi cha wajukuu. Wengi waliishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu huko Tanzania. Baadhi walirudi kuanzia 2008, wakakuta mchikichi wa baba yao unavunwa na mtu mwingine.

Kizazi hichohicho kilishuhudia kuingia kwa krimu za kujichubua. Warundi huita tendo hilo kwitukuza, na Tanzania mchanganyiko wenyewe huitwa mkorogo. Nguvu yake hutokana na haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, G. H. Findlay, alieleza jinsi haidrokwinoni inavyogeuza ngozi nyeusi kuwa na mabaka ya bluu na kijivu yasiyofutika. Afrika Kusini ilipiga marufuku vipodozi hivyo mwaka 1990, Tanzania ikafuata mwaka 2003, na Rwanda ikafanya misako mikali madukani kuanzia mwishoni mwa 2018. Marufuku ya nchi moja haifui dafu katika ziwa lenye nchi nne, ambako boti hutia nanga kwa saa moja tu ikaondoka. Krimu hizi ndizo zilizovunja kabisa kanuni ya zamani ya mwambao, ya kujua unachojipaka: ngozi ilipakwa kitu ambacho hakuna hata mtu mmoja kijijini aliyejua kilivyopikwa.

Sindano ya kupunguza makunyanzi ni hatua inayofuata katika mkondo huo, na asili yake inaigusa Burundi kwa njia ya pembeni. Bakteria anayetoa sumu inayotumika katika sindano hiyo aligunduliwa Ubelgiji, nchi iliyokuja kuitawala Burundi. Desemba 1895 wanamuziki waliocheza kwenye mazishi katika kijiji cha Ellezelles walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Watatu walikufa kwa kupooza, na Emile van Ermengem wa Chuo Kikuu cha Ghent akamtambua bakteria aliyesababisha. Ni ndugu wa yule wa pepopunda, naye huishi udongoni na hustawi pasipo hewa. Afrika Mashariki inamjua pia: mwaka 1980 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha taarifa ya watu wa Kenya waliopata sumu hiyo baada ya kula kumbikumbi.

Sumu hiyo huzuia neva isiuamuru msuli kukaza. Alan Scott wa San Francisco aliitumia kwa dozi ndogo kunyoosha macho yenye makengeza, na Marekani ikaiidhinisha kwa tiba ya macho mwaka 1989. Huko Vancouver, Jean Carruthers, daktari wa macho, aligundua kwamba wagonjwa wake walipoteza pia mistari ya kati ya nyusi. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo mwaka 1992, na Aprili 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa hiyo, Botox, kwa mistari hiyo. Katika Afrika Mashariki huduma hii imekuwa ya miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam, na wenye uwezo zaidi huifuata Dubai.

Kwa mtu wa mwambao, uamuzi wa kuchomwa au kutochomwa huanzia kwenye aina ya makunyanzi. Sindano hulegeza misuli, kwa hiyo hufaa mistari inayoletwa na kukunja uso: kati ya nyusi, kwenye paji, pembeni mwa macho. Haiondoi ukavu, mabaka wala ngozi iliyochakazwa na jua, na jua ndilo mshitakiwa mkuu Rumonge, nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, ambako wanawake hushinda ufukweni wakianika ndagala, yaani dagaa. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, na kwa kawaida makunyanzi ya jua huchelewa kwayo kwa miaka mingi ukilinganisha na ngozi nyeupe. Matangazo yanayomlenga mwanamke wa miaka thelathini wa Ulaya hayamhusu sana mwenzake wa Rumonge, ingawa simu huwaonyesha wote wawili picha ileile.

Suala la pili ni kichupa na mkono unaokishika. Dawa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi tangu kiwandani, sharti gumu mahali ambapo umeme hukatika. Kwa mistari ya kati ya nyusi dozi iliyozoeleka ya Botox ni uniti 20 katika sehemu tano, na sindano ikikosea mahali kidogo tu kope huweza kuanguka kwa majuma kadhaa. Wajawazito, wenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli na wenye maambukizi mahali pa kuchomwa hawashauriwi kabisa. Antibiotiki kama jentamaisini huweza kuzidisha nguvu yake. Bidhaa bandia zipo hata kwenye udhibiti mkali: Aprili 2024 Marekani iliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kuchomwa dawa bandia au na watu wasio na sifa. Mwuzaji anayekuja na kichupa mfukoni, hana friji wala leseni, anastahili kukataliwa hapohapo.

Gharama nayo haiishi, kwa sababu dawa haidumu. Huanza kuonekana baada ya siku chache, hukaa miezi mitatu hadi minne, kisha neva huanza tena kuuamuru msuli. Anayeamua kutorudia haharibikiwi uso kwa kuacha. Makunyanzi yake hurudi yalivyokuwa.