Musa, Daudi na Yusufu katika Vitabu vya Kukua Kiroho

Waandishi wa Kikristo walijifunza mapema kumlea muumini kwa kumsimulia maisha ya watu. Waebrania sura ya 11 inawataja Habili, Nuhu, Ibrahimu, Sara, na hata Rahabu yule kahaba. Mwishoni mwa karne ya kwanza Wakristo wa Korintho walipogombana, barua ya Klementi wa Roma iliwakumbusha wivu wa Kaini na wa ndugu zake Yusufu.

Kwangu mimi, hakuna aliyefika mbali kama Gregori wa Nisa, askofu wa Kapadokia, katika Uturuki ya leo. Katika Maisha ya Musa, kitabu cha miaka ya 390 hivi, kwanza anasimulia habari zenyewe, kisha anarudi mwanzo na kuuliza kila tukio linamdai nini msomaji. Musa anakutana na Mungu katika mwanga wa kijiti kiwakacho, halafu katika wingu, mwisho katika giza kuu la Sinai. Kadiri anavyosogea ndivyo anavyotambua kuwa Mungu hamaliziki. Alipoomba kuuona utukufu wake alioneshwa mgongo tu, na Gregori anaeleza sababu: anayemfuata kiongozi huuona mgongo wake. Kukua kwa namna hiyo hakuna kituo cha mwisho.

Daudi naye alitumiwa kumrudi mtawala. Mwaka 390 askari wa Kaisari Theodosius walifanya mauaji makubwa Thesalonike. Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia akimwekea mbele Daudi, mfalme aliyekemewa na nabii Nathani kwa kumtwaa Bathsheba na kumwua mumewe Uria, akakiri dhambi. Kaisari akatubu hadharani. Daudi asiye na Uria wala Bathsheba asingemfaa mtu yule kwa lolote.

Katika karne ya 12, Richard wa Saint-Victor, Paris, aliwafanya wana wa Yakobo kuwa ngazi za sala. Mwanamageuzi Martin Luther, aliyefundisha kitabu cha Mwanzo kuanzia 1535 hadi 1545, aliwarudisha mababu hao nyumbani: kwenye ndoa, hofu na ugomvi wa watoto. Kwetu pwani, mmisionari Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, mwaka aliomzika mkewe na binti yao mchanga.

Leo anayependwa zaidi ni Yusufu, kijana aliyetoka shimoni akafika ikulu. Vitabu vingi vinamfanya kielelezo cha mafanikio, kisha vinafungwa pale anapowasamehe ndugu zake. Nasikitika kwamba Mwanzo 47 huachwa. Humo, wakati wa njaa, Yusufu anachukua fedha za Wamisri, kisha mifugo, kisha mashamba, mpaka wao wenyewe wanakuwa watumwa wa Farao. Anayetaka kukuzwa na Yusufu hana budi kukaa na sura hiyo, halafu afungue Kutoka 1, ambapo Farao mwingine anawatumikisha wana wa Israeli.